Mimi Si Kompyuta Yangu

Wanaume wawili wamesimama mbele ya ukuta mweupe usio na dirisha wala picha. Mmoja amevaa jinzi, mikono ameitia mifukoni, hana haraka na mtu. Mwingine amevaa suti na tai, miwani usoni, na dalili zote za mtu anayejitahidi. Wa kwanza anajitambulisha: yeye ni Mac. Wa pili naye anajitambulisha: yeye ni PC. Kisha kwa nusu dakika wanaongea. Yule wa suti anapiga chafya kwa sababu ya virusi, anaganda katikati ya sentensi, anajisifia majedwali yake ya hesabu. Yule wa jinzi anamsikiliza kwa upole, na upole huo unauma kuliko tusi.

Matangazo hayo ya kampuni ya Apple yalianza kuonyeshwa Marekani mwezi Mei 2006, yakaendelea hadi 2009, na idadi yake ikafika 66. Justin Long ndiye aliyekuwa Mac, na John Hodgman ndiye aliyekuwa PC. Watu waliyacheka, wakayaiga, wakachagua upande. Mimi huyarudia kwa sababu nyingine. Wanaume hao hawasemi kwamba wanatumia kompyuta, wala kwamba wanazo. Kila mmoja anasema yeye mwenyewe ndiye kompyuta. Sentensi hiyo ilisikika majumbani kwa miaka mitatu bila kumshtua mtu, na nadhani ilistahili kutushtua. Ilikuwaje chombo cha kuandikia barua na kupigia hesabu kikapewa kazi ya kujibu swali la mtu ni nani? Na jibu kilichotoa, lina ukweli kiasi gani?

Wapenzi wa taarabu wanaijua sanaa iliyotumika pale. Dar es Salaam ya miaka ya 1990 ilipowasikiliza waimbaji wa vikundi vya TOT na Muungano wakirushiana mipasho, jina la mtu halikutajwa, lakini ukumbi mzima ulijua kijembe kimemlenga nani, na waliokuja kutunza walitunza kwa ajili ya upande wao kama walivyotunza kwa ajili ya wimbo. Hasimu aliwapa waimbaji kitu ambacho sauti peke yake haikuweza kuwapa: mashabiki. Apple ililielewa jambo hilo. Tofauti ni kwamba ukumbini aliyelipa kiingilio alikuja kwa ajili ya wimbo, na wimbo akaupata. Katika matangazo yale kijembe kilikuwa chambo tu, na kitu chenyewe kinachouzwa kilionekana kwa sekunde chache mwishoni, baada ya moyo kuwa umekwisha kuchagua.

Sasa tutazame kilichokuwa kinatokea ndani ya mashine mwaka huohuo. Januari 2006 Apple ilianza kuuza Mac zenye prosesa za Intel, kampuni ileile iliyokuwa ikitengeneza prosesa za PC nyingi duniani. Aprili ikatoa programu iliyomwezesha mwenye Mac kuweka Windows na kuiendesha kwenye mashine yake. Mei yakaja matangazo. Kwa maneno mengine, miezi ambayo mashine hizo zilikaribiana kuliko wakati wowote uliotangulia ndiyo miezi ambayo watu waliambiwa kwamba wao ni viumbe wa aina mbili.

Haki itendeke: tofauti zilikuwepo. Mifumo endeshi ilikuwa miwili, kila mmoja na tabia zake. Virusi vilivyowasumbua watumiaji wa Windows wakati ule havikubuniwa na waandishi wa matangazo. Mtu aliyependelea moja kuliko nyingine alikuwa na sababu za kueleweka. Lakini sababu za kupendelea chombo ni kitu kimoja, na kuwa mtu wa namna fulani ni kitu kingine. Ninachokiona katika mwaka ule ni kanuni inayofanya kazi kimyakimya katika biashara ya zama zetu: tofauti ikipungua kwenye vitu, huhamishiwa kwa watu.

Kanuni hiyo haikuzaliwa 2006. Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni kubwa ya IBM ilizindua kompyuta yake ya kwanza ya mtu binafsi, iliyobuniwa na kundi dogo la Don Estridge huko Boca Raton, Florida, na kuuzwa kuanzia dola 1,565. Ili kuwahi soko, kundi hilo lilitumia vipuri vya wengine: prosesa ya Intel, mfumo endeshi wa Microsoft. Apple wakati huo ilikuwa na miaka mitano tu tangu kuanzishwa. Ilichofanya ni kulipia ukurasa mzima wa gazeti la The Wall Street Journal na kuikaribisha IBM sokoni. Ukiusoma haraka, unaona adabu. Ukiusoma tena, unaona kampuni changa ikijiweka katika nafasi ya mwenyeji, na ikijiandikia adui mkubwa kuliko yenyewe, kwa sababu ukubwa wa adui humkuza anayepigana naye.

IBM nayo ilijua kwamba jina lake liliwatisha watu wa kawaida. Kwa hiyo ikamchukua yule maskini wa filamu za Charlie Chaplin, mwenye kofia ya duara, fimbo na masharubu mafupi, ikampa mwigizaji amwigize, na kumweka mbele ya kompyuta akiendesha biashara ndogo kwa furaha. Waliokumbuka filamu ya Modern Times ya mwaka 1936 walimkumbuka maskini huyohuyo akimezwa na magurudumu ya kiwanda. Miaka 45 baadaye, mtu aliyemezwa na mashine alikuwa akiwauzia watu mashine. Kampuni haikuificha hofu ya umma. Iliiendea moja kwa moja, ikaivisha tabasamu.

Kampuni ya Commodore ilienda mahali penye maumivu zaidi. Mwanzilishi wake, Jack Tramiel, Myahudi wa Łódź aliyenusurika Auschwitz na kuanza maisha Marekani kwa kutengeneza mashine za kuchapa, aliamini kwamba kompyuta ni ya watu wote, si ya tabaka fulani, naye alilithibitisha hilo kwa bei. Commodore 64 ilitoka 1982 kwa dola 595, na katika vita vya bei vya mwaka uliofuata ikashuka hadi kama dola 200. Texas Instruments ilishindwa kuhimili na ikajitoa katika soko la kompyuta za nyumbani Oktoba 1983. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: familia ambazo zisingeota kununua kompyuta zilinunua. Lakini hata kampuni hiyo yenye bei ya huruma haikuacha kuchokoa hofu. Tangazo lake moja lilionyesha wazazi wakimsindikiza kijana kituo cha treni kwenda chuo kikuu, kisha wakimpokea palepale amerudi kwa kushindwa, kwa kuwa hakuandaliwa na kompyuta. Mzazi aliyelitazama hakuuziwa kilobaiti. Aliuziwa nafuu ya kutokuwa mzazi aliyezembea.

Ndipo tunapofika kwenye tangazo linalotajwa kuliko yote. Tarehe 22 Januari 1984, katikati ya fainali ya mpira wa Marekani, Super Bowl, televisheni zilionyesha safu za watu waliovaa nguo za kijivu, vichwa vimenyolewa, wamekaa mbele ya kioo kikubwa ambapo uso wa mtu mmoja unawahubiria. Mwanamke mwenye bukta nyekundu anakuja mbio, askari wakimfukuza, anazungusha nyundo na kuirusha. Kioo kinalipuka. Sauti inaahidi kwamba siku mbili baadaye Apple itazindua Macintosh, na kwamba mwaka huo hautafanana na 1984 ya riwaya ya George Orwell. Aliyeongoza picha ni Ridley Scott, na mchezaji wa nyundo alikuwa Anya Major. Wakurugenzi wa Apple walipoonyeshwa kabla hawakulipenda. Kompyuta yenyewe haionekani, isipokuwa mchoro wake kwenye fulana ya mwanamke huyo.

Sitaki kulibeza tangazo hilo, kwa sababu ndani yake mna ukweli. Hadi miaka ya 1970 kompyuta ilikuwa mali ya serikali, jeshi, benki na mashirika makubwa. Raia aliijua kama kitu kinachomhesabu yeye, si kitu ambacho yeye anakitumia kuhesabu. Kusema kwamba mashine hiyo inaweza kukaa mezani kwa mtu mmoja, ikatii mkono wake, ikamchorea na kumwandikia anachotaka, kulikuwa ni kusema jambo kubwa, na jambo hilo lilitimia. Macintosh ya dola 2,495, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu, ilifungua kweli mlango wa kutumia kompyuta kwa kuangalia na kugusa kipanya badala ya kukariri amri. Kiu ya uhuru iliyoamshwa na tangazo lile ilikuwa kiu halisi ya watu halisi.

Kasoro iko kwenye hatua inayofuata. Tangazo lilimwambia mtazamaji kwamba waliokaa kwenye safu ni wengine, na kwamba njia ya kutoka kwenye safu ni kununua. Lakini kununua ni jambo ambalo kila mtu anaweza kulifanya kwa namna ileile, dukani palepale, kwa bei ileile. Aliyetoka kwenye safu moja kwa njia hiyo ameingia kwenye foleni nyingine. Mwaka uliofuata Apple yenyewe ililidhihirisha hilo bila kukusudia, ilipoonyesha tangazo la wafanyabiashara waliofungwa macho wakitembea kwa mstari na kutumbukia kutoka ukingo wa jabali mmoja baada ya mwingine. Watu waliokusudiwa kununua walijiona wametukanwa, na tangazo likaanguka. Kuhubiri uhuru kwa kumdharau yule unayetaka kumkomboa hakuchukui muda mrefu kufika ukingoni.

Agosti 1997, Boston, foleni hiyo nyingine ilionekana wazi. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alikuwa amerudi kwenye kampuni aliyoiacha 1985, na kampuni ilikuwa taabani. Akiwa jukwaani mbele ya wapenzi wa Mac, alitangaza kwamba Microsoft itawekeza dola milioni 150 katika Apple. Kisha uso wa Bill Gates, mkuu wa Microsoft, ukatokea kwenye kioo kikubwa juu ya ukumbi, na watu waliokaa kwa safu chini yake wakazomea. Jobs aliwaambia waachane na fikra kwamba ili Apple ishinde ni lazima Microsoft ishindwe. Waliozomea siwalaumu. Kwa miaka mingi walikuwa wamefundishwa wao ni nani kwa kuonyeshwa nani ni adui yao, na sasa mwalimu aliwaambia adui ndiye aliyelipa ada. Mtu aliyejengwa kwa uadui hupoteza sehemu ya nafsi yake adui anapokuwa rafiki.

Wiki chache baadaye, Apple iliyopungukiwa adui iliazima wahenga. Kampeni yake mpya iliwaonyesha Albert Einstein, Martin Luther King, Pablo Picasso, Muhammad Ali, Mahatma Gandhi na wengine, ikiwasifu watu wanaothubutu kufikiri kwa njia yao. Gandhi aliuawa 1948, Einstein alifariki 1955, King aliuawa 1968, na Apple iliundwa 1976. Hawakuhitaji kompyuta ile ili wawe walivyokuwa. Walihitajika wao ili kompyuta ionekane ilivyotakiwa ionekane.

Naomba tukae kidogo na Gandhi, kwa sababu yeye anatupa ufunguo ambao tangazo halikukusudia kutupa. Gandhi alikuwa na chombo chake: gurudumu la mkono la kusokotea uzi. Na chombo hicho kilikuwa na maana kubwa, hata kikawa alama ya taifa zima. Hivyo si kweli kwamba vyombo havina maana, au kwamba mtu mwenye busara havipendi. Lakini tuangalie maana ya gurudumu lile ilitoka wapi. Wahindi walikaa chini na kusokota. Uzi ulipatikana, nguo zilifumwa, vitambaa vya viwanda vya Uingereza vikapungukiwa wanunuzi. Kazi ilitangulia, na maana ikafuata kazi. Aliyeliweka gurudumu sebuleni bila kusokota hakuwa ameipigania India. Maana hutoka kwa watu na kazi yao, ikaingia kwenye chombo. Biashara ya matangazo hujaribu kuugeuza mto huo upande mlima: inataka chombo kiwe chemchemi, na mtu awe wa kuchota.

René Girard, mwanafikra Mfaransa aliyeanza kufundisha Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1981, jirani kabisa na kampuni hizi za California, alijenga fikra yake juu ya hoja kwamba binadamu hutamani kile anachomwona mwenzake akikitamani, na kwamba washindani, kadiri wanavyoendelea kushindana, ndivyo wanavyozidi kufanana. Sijui mfano unaomthibitisha vizuri kuliko jibu la Microsoft. Mwaka 2008, baada ya kuchokozwa kwa miaka miwili, ilitoa matangazo yake ambamo watu wa kila rangi na kila kazi walijitokeza mmoja baada ya mwingine na kutangaza kwamba wao ni PC. Ilikuwa nafasi ya kusema kwamba hakuna binadamu aliye kompyuta. Badala yake Microsoft ilikubali msingi wote wa hoja ya hasimu wake, ikabishana juu ya nani mzuri zaidi. Pande mbili zilizopigana kwa kila kitu zilikuwa zimeafikiana juu ya jambo kubwa kuliko yote: kwamba nafsi ya mteja ni uwanja wa kugombaniwa.

Na uadui wenyewe? Mwaka 2021, Apple ilipokuwa imeanza kuziacha prosesa za Intel na kutumia zake, Intel ilimwajiri Justin Long, yuleyule wa jinzi, aje azisifu PC na kuzikosoa Mac. Mwigizaji hakutenda kosa lolote, kazi ni kazi. Lakini shabiki aliyewahi kumkasirikia rafiki yake kwa sababu ya kompyuta anapaswa kujiuliza ile hasira ilikuwa mali ya nani.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ingetupa njia rahisi ya kumaliza mjadala: kama ni nzuri, matangazo ya nini? Siridhiki na njia hiyo. Macintosh ilikuwa nzuri, na ilitembezwa. Commodore 64 iliuzwa zaidi ya mashine milioni 10, ikawafundisha vijana wengi kuandika programu, na bado kampuni yake ilifilisika 1994. Katika soko lenye sauti nyingi, kizuri nacho huhitaji mtu wa kukitaja. Kwa hiyo sina ugomvi na kutangaza. Anayesema kompyuta yake ni nyepesi, inakaa na chaji, haisumbui, na kumwachia mnunuzi apime, amefanya kazi ya heshima. Ugomvi wangu ni na tangazo linalomwacha mnunuzi akiwa hana la kupima, kwa kuwa lililouzwa si sifa ya mashine bali ni hukumu juu yake yeye.

Historia yetu ya Afrika Mashariki inatoa ushahidi ambao sijauona ukizingatiwa. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi miaka ya 1990. Hivyo nyundo iliporushwa mwaka 1984, Bara hapakuwa na kioo cha kuionyesha wala duka la kwenda kununua kilichotangazwa. Kompyuta zilipoanza kuingia kwa wingi, nyingi zilikuja kama mtumba, zimeshatumika katika ofisi za mbali, kibandiko cha namba ya mali kikiwa bado kimegandia ubavuni. Zilitufikia bila hadithi zake. Aliyezinunua Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi hakuwa amefundishwa ni adui wa nani kwa kuzinunua.

Je, zilikosa maana? Tuingie steshenari yoyote karibu na chuo au mahakama. Juu ya meza kuna kompyuta ambayo herufi kadhaa za kibodi yake zimefutika. Inachapa barua ya maombi ya kazi, risala ya harusi, hati ya mauziano ya kiwanja, ripoti ya mwanafunzi anayesubiriwa na msimamizi wake. Mteja anamwambia anayechapa, "Dada, nisaidie hapa, jina la marehemu baba lina H mbili," na dada anarudi nyuma na kusahihisha. Pale hakuna anayeuliza chapa ya mashine. Lakini maana imejaa mpaka inamwagika: riziki ya dada, kiwanja cha familia, jina la marehemu lililoandikwa sawasawa. Jamii nzima imeishi na kompyuta kwa miongo kadhaa ikiipa maana kutokana na kazi, bila kuhitaji kuambiwa inamfanya mtu kuwa nani. Hilo linatosha kuonyesha kwamba maana ile nyingine haikuwa ya lazima.

Sisemi kwamba sisi tumeokoka. Matangazo yametufikia, na vijana wa mijini wanajua vizuri nembo ipi inamfanya mtu aangaliwe mara mbili mgahawani. Na hapa nembo yenyewe ina somo. Katika kompyuta mpakato za Apple za zamani, tufaha la kwenye kifuniko lilichorwa ili limkae sawa mwenye mashine anapoiweka mbele yake kabla ya kuifungua. Akishaifungua, waliokaa mbele yake waliliona limepinduka. Baadaye kampuni iliamua kuligeuza, na tangu hapo tufaha huwaelekea watazamaji likiwa wima, huku mwenye kompyuta haioni nembo hiyo anapofanya kazi. Uamuzi mdogo wa kiwandani umejibu swali kubwa: nembo ni ya nani? Aliyeilipia ameibeba kwa ajili ya macho ya wengine.

Kuna watu ambao mchezo huu wa wawili haukuwahi kuwapa hata nafasi ya kusimama kwenye ukuta mweupe. Betri za kompyuta mpakato, Mac na PC sawasawa, kwa miaka mingi zimetegemea kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, hasa kusini, kuzunguka miji kama Kolwezi, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya machimbo. Desemba 2019 familia za watoto waliokufa au kulemaa katika machimbo hayo zilifungua kesi mjini Washington kupitia shirika la International Rights Advocates. Walioshtakiwa walikuwa Apple, Microsoft, Dell, Tesla na kampuni mama ya Google. Mahakama iliitupa kesi mwaka 2021, na mahakama ya rufaa ikauthibitisha uamuzi huo Machi 2024, kwa hoja kwamba kununua madini kupitia mlolongo wa wauzaji hakutoshi kuzifanya kampuni hizo kuwa washiriki katika ubia na waliowatumikisha watoto hao. Apple kwa upande wake ilitangaza mwaka 2023 lengo la kutumia kobalti iliyorejelezwa tu katika betri inazozibuni ifikapo 2025, na hilo ni jema.

Nisichoweza kukipita ni mpangilio wa viti katika kesi ile. Mac na PC, waliotuambia kwamba dunia imegawanyika kati yao, walikaa upande mmoja. Upande wa pili walikaa wazazi wa Kikongo. Ukweli wa mgawanyiko ulikuwa huko siku zote: si kati ya mwenye jinzi na mwenye suti, bali kati ya wanaoonekana kwenye tangazo na wasioonekana. Uadui wa kuigiza una madhara haya, kwamba hutumia hamu yetu ya haki. Mtu ana kiasi fulani cha hasira njema na uaminifu wa kusimama na upande. Akivitumia vyote kutetea chapa, vitakavyobaki kwa ajili ya mtoto wa Kolwezi ni haba.

Kwa hiyo natofautisha mashindano ya namna mbili. Kuna ushindani wa kazi: nani ametengeneza chombo kinachofaa zaidi, kwa bei gani, kwa mikono ya nani, na walilipwa vipi. Ushindani huo ndio ulioishusha bei ya Commodore na kuleta kipanya mezani, na ningependa uwe mkali kuliko ulivyo, ufike hadi machimboni. Na kuna ushindani wa nafsi: nani atapata haki ya kumwambia mteja yeye ni nani. Katika ule wa kwanza hata mshindwa huacha kitu chenye faida. Katika wa pili kila mnunuzi hupungukiwa, kwa sababu huuziwa kitu ambacho hakikuwahi kuwa mali ya muuzaji.

Mtu ni watu, walisema waliotutangulia. Walionifanya kuwa nilivyo ni walionilea, walionifundisha, walionisubiri na walionisamehe, pamoja na kazi niliyoifanya kwa ajili yao na wao kwa ajili yangu. Kompyuta imo ndani ya kazi hiyo, na ikiifanya vizuri nitaitunza na kuisifu. Kampuni iliyoitengeneza inastahili malipo yake, na inastahili pia maswali yangu juu ya kila mkono ulioigusa kabla ya wangu. Nafsi yangu haimo kwenye bei.